Gari Linalobisha Hodi: shajara ya mradi wa geti la Mama

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza. Mwaka mzima nilikuwa naahidi, na kilichonisukuma ni futari ya juzi. Nilifika nyumbani, Kigamboni, dakika tatu kabla ya adhana ya magharibi, nikapiga honi kama kawaida yangu. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Akaacha mwiko, akavaa kandambili, akaja kusukuma geti la bati ambalo hata mimi linanitoa jasho. Aliporudi jikoni uji ulishashika chini. Hakusema neno. Alinimiminia kikombe kinachonuka moshi, nikanywa chote.

Ninachotaka ni hiki: gari likikaribia, nyumba ijue. Kama ni usiku taa ya getini iwake, Mama apate habari, na geti lifunguke bila mtu kutoka nje. Gari ni IST ya mwaka 2005, na tunaliendesha watatu: mimi, mke wangu na mdogo wangu. Ndiyo maana sitaki kutegemea simu. Simu inaweza kujua kwa GPS kwamba umekaribia nyumbani na kuiambia nyumba kupitia intaneti, lakini bando likiisha ukiwa darajani habari inaishia hapohapo. Halafu simu inamfuata mtu, haifuati gari. Mke wangu akirudi na bajaji, geti zima la magari litafunguka kumpokea.

Kwa hiyo kitambulisho kikae garini. Kiwe kitu kidogo kisichotumia waya, kiseme "mimi hapa", na nyumba isikie.

Jumapili, 9 Machi

Mota ya geti, iliyokaa kwenye boksi tangu Januari, leo imefungwa. Fundi amechomelea reli ya meno chini ya geti na kuweka sumaku mbili za kuiambia mota isimame wapi. Alitaka tuyaache yale macho ya usalama, vile vijidude viwili vinavyotazamana na kusimamisha geti kitu kikikatiza katikati. "Bosi, hayo ni urembo tu." Nikakataa. Geti hili lina uzito wa watu wawili, na watoto wa jirani hulitumia kama goli. Kitu kitakachojiendesha bila mtu kukitazama lazima kiwe na macho yake chenyewe.

Mota ilikuja na rimoti mbili. Utauliza: si ubonyeze rimoti, mradi uishe? Nilijiuliza hivyohivyo, ndipo jioni nikafanya jaribio dogo. Nilichukua kipokezi cha megahezi 433, cha bei ya sahani ya chipsi, nikakiunganisha na ESP32, kijikompyuta cha saketi moja chenye Wi-Fi na Bluetooth, nikabonyeza rimoti mara moja nikiwa sebuleni. Kikanasa msimbo. Nikauweka kwenye kirushio cha aina hiyohiyo, nikaurusha. Geti likafunguka kama mbwa aliyeitwa jina lake.

Rimoti za aina hii hutuma namba ileile kila siku, mpaka kiama. Anayepita nje na kifaa kama changu akiinasa mara moja, ana ufunguo wa nyumba. Zipo rimoti ambazo namba yake hubadilika kila unapobonyeza, na ile iliyokwisha kutumika haikubaliwi tena. Nimeagiza kipokezi cha aina hiyo kwa ajili ya rimoti za mkononi. Hata hivyo rimoti haiiambii nyumba chochote kuhusu nani anakuja, na ya kwangu sasa hivi imo kwenye suruali iliyoko kwenye beseni la kufulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita Kariakoo kuulizia tagi za UHF, zile stika zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele na kutumika kwenye maegesho makubwa. Nilizipenda kabla hata ya kuziona. Stika haina betri kabisa. Antena ya getini hurusha mawimbi ya kati ya megahezi 860 na 960, stika inakula nguvu ya mawimbi hayohayo na kujibu kwa namba yake. Inasomeka kwa umbali wa mita kadhaa, na stika yenyewe ni bei ya maandazi.

Tatizo ni kisomaji. Bei niliyotajiwa ilizidi ya mota ya geti. Tena muuzaji, mtu mwaminifu kuliko nilivyotarajia, akaniuliza kama kioo changu kina tinti. Tinti zenye chembe za chuma huziba mawimbi, na stika ikibandikwa nyuma yake inakuwa bubu. Changu kina tinti, na sijui ni ya aina gani, kwa sababu gari lilikuja nayo.

UHF nimeiacha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimehamia Bluetooth, ile inayotumia umeme kidogo. Nimenunua tagi yenye ukubwa wa kifungo cha koti, inayotumia betri ya CR2032. Kila baada ya muda mfupi inatangaza namba yake hewani kwa utaratibu wa iBeacon, ambao Apple waliutoa mwaka 2013: namba ndefu ya baiti 16, namba mbili fupi, na kipimo cha nguvu yake ilivyo kwa umbali wa mita moja. Haipokei chochote. Ni kama muuza samaki anayepita mtaani: anatangaza tu, atakayesikia na asikie.

Msikilizaji ni ESP32 juu ya nguzo ya geti, ndani ya kopo la plastiki. Ndani ya nyumba kuna Raspberry Pi ya zamani, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, na ESP32 nimeiandikia maagizo kwa ESPHome. Programu zote mbili ni za bure.

Kipokezi hupima nguvu ya tagi kwa desibeli zenye alama ya kutoa. −50 ni mtu anayekupigia kelele sikioni, −95 ni mnong'ono kutoka ng'ambo ya uwanja. Mchana nimezunguka na gari na kompyuta mpakato miguuni, nikiandika namba. Likiwa limeegeshwa uani, mita 14 kutoka getini: −71. Nje, likigusa geti: −74. Kwenye kona ya mwembe, mita kama 40: −90, mara −84, mara kimya.

Ukizitazama vizuri utaona balaa lililokuwa linakuja. Mimi sikuliona. Niliandika: ikivuka −78, washa taa, piga kengele. Nikaenda kuswali tarawehe nikiwa na furaha zangu.

Jumapili, 16 Machi

Usiku wa jana nyumba yetu ilikuwa disko. Gari lilikuwa limelala uani na tagi inaendelea kutangaza kama ilivyoambiwa. Namba ikawa inacheza: −72, −80, −76, −81, −73. Kila iliposhuka chini ya −78 nyumba ilidhani gari limeondoka, ilipopanda ikadhani limerudi. Taa ya getini ikawaka na kuzima, kengele ikalia chumbani kwa Mama. Nimehesabu kwenye kumbukumbu ya kompyuta: gari "liliwasili" mara 19 kati ya saa nne za usiku na daku. Asubuhi jirani akanisalimia vizuri, kisha akauliza kama tumefungua baa, tena mwezi mtukufu.

Mama akasema, "Mwanangu, afadhali honi."

Namba zinacheza kwa sababu mawimbi haya ya gigahezi 2.4 yanadunda kila mahali. Uwanjani pasipo na kitu, umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, hesabu inakaa sawa. Uani kwangu kuna geti la bati, tangi la maji, ukuta wenye nondo na bodi ya gari lenyewe. Na mtu ni maji: nikisimama kati ya gari na nguzo, namba inaanguka kwa zaidi ya 10. Paka akikatiza sijapima.

Nimeweka kichujio kinachochukua namba ya katikati kati ya vipimo saba vya mwisho. Uchezaji umepungua, ila unapochuja unachelewa, na gari linakuwa limeshasimama getini nyumba ikiwa bado inatafakari.

Tena tagi imeanguka. Nilikuwa nimeibandika kwenye dashibodi, jua la mchana likayeyusha gundi, nikaikuta chini ya kiti. Betri ya kifungo haipendi joto la namna ile.

Alhamisi, 20 Machi

Leo sikugusa waya. Nilikaa barazani na Mama akichambua mchele wa futari, na mdogo wangu akawa anarudi na gari. Kabla sijasikia kitu, Mama akasema, "Huyo anakuja." Sekunde kumi baadaye nikasikia ule mkanda wa injini unaolia kama panya, ambao nimeshauriwa na mafundi watatu kuubadilisha.

Nikamuuliza anajuaje kwamba gari linakuja na si linakwenda. Alinitazama kama nimemuuliza anajuaje kwamba ni mchana.

"Si sauti inakua, baba. Likiondoka sauti inapungua. Na likizimwa hapa uani, linanyamaza ghafla."

Akaendelea kupepeta. Mimi nikaingia ndani kuchukua daftari.

Kosa langu lilikuwa kuuliza swali baya. Nilikuwa nauliza: gari lipo karibu? Kumbe gari lililolala uani liko karibu kuliko linalokuja. Swali sahihi ni sauti imefikaje hapo, na mara ya mwisho ilinyamaza vipi. Ili niweze kuliuliza, tagi lazima inyamaze gari likizimwa, na tagi ya betri hainyamazi. Basi betri itoke.

Jumamosi, 22 Machi

Tagi mpya ni ESP32 nyingine, imechomekwa kwenye chaja ya simu ya gari, chini ya dashibodi, kivulini. Umeme wa tundu lile unakuja ukizungusha ufunguo na kukatika ukiuchomoa. Gari likizimwa, tagi inakufa papo hapo. Joto halina gundi ya kuyeyusha, na betri ya kubadilisha haipo.

Nimeongeza kipokezi cha pili kwenye baraza la jikoni, jirani na maegesho. Sasa wa getini na wa jikoni wanalinganisha nani anasikia zaidi, na hali ya gari inaandikwa kwa neno moja kati ya manne:

NDANI: tagi imenyamaza ghafla wakati jikoni ilikuwa inasikia zaidi. Limeegeshwa.
INATOKA: ilikuwa NDANI, imesikika tena, na jikoni ndiyo iliyoisikia kwanza.
NJE: imefifia, au imenyamaza wakati geti ndilo lililokuwa linasikia zaidi.
INAKUJA: ilikuwa NJE, geti limesikia kwanza, na namba inapanda kwa vipimo vitatu mfululizo.

Taa na kengele ni za INAKUJA peke yake. Hali hukumbukwa hata gari likikaa safarini siku tatu.

Mambo mawili yalinipotezea mchana. La kwanza, ESP32 ina redio moja inayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth kwa zamu. Nilikuwa nimeiambia isikilize Bluetooth muda wote isikose hata neno, ikawa inakosa zamu ya Wi-Fi na kudondoka kwenye mtandao kila dakika chache. Ilikuwa inasikia kila kitu na haiwezi kumwambia mtu. Nikapunguza muda wa kusikiliza hadi theluthi moja, ikatulia. Tagi inatangaza mara kumi kwa sekunde, kwa hiyo ukikosa tangazo moja utapata linalofuata.

La pili, starta ikizunguka umeme wa tundu hukatika kidogo, tagi inakufa na kufufuka. Nyumba iliona gari limewashwa, likazimwa, likawashwa, yote ndani ya sekunde mbili. Nimeamuru ukimya wa chini ya sekunde 8 usihesabiwe.

Majaribio sita ya kuingia na kutoka, yote sita sahihi. Nikishapita kona ya mwembe taa inawaka, nami bado nina mita 30 za kwenda.

Jumanne, 25 Machi

Shemeji kaja kufuturu na gari lake jipya kuliko letu, akanisikiliza kwa subira nikieleza, kisha akauliza kama gari lake pia litahitaji kijidude hicho. Hapo nikakumbuka kitu: gari lake lina tagi tayari, nne.

Magari mengi ya siku hizi yana sensa ya upepo ndani ya kila tairi. Kila moja ina betri yake na namba yake ya kudumu, na hutangaza hewani, kwa megahezi 315 au 433 kutegemea soko gari lilikotengenezewa. Marekani zilifanywa lazima kwa magari mapya mwaka 2007, Ulaya kwa magari yote mapya mwaka 2014. Tulipomsindikiza nikawasha kipokezi, na alipozunguka mtaa na kurudi nikainasa namba ya tairi moja.

Kwa geti hazinifai. Sensa hutangaza kama mara moja kwa dakika gari likitembea, na gari likisimama muda mrefu hunyamaza kulinda betri. Utasubiri getini mpaka tairi lijisikie kuzungumza. Ila lilinikaa moyoni, kwamba mtu anabeba namba nne zinazomtangaza kila anapopita, bila kuulizwa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sensa hizo zinaweza kunaswa kutoka mita 40.

Shemeji akauliza kama zinaweza kuzimwa. Nikamwambia ale kaimati kwanza.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefika kwenye geti lenyewe. Mpaka leo nyumba ilikuwa inawasha taa na kupiga kengele tu, nami nilikuwa naogopa kuunganisha rilei, ile swichi ya umeme ya kuiamuru mota.

Tagi yangu inatangaza namba yake wazi. Mtu yeyote mwenye simu na programu ya bure anaweza kuinakili barabarani na kuitangaza mwenyewe akiwa amesimama kwenye mwembe. Kwa taa haidhuru, mwizi ataangaziwa. Kwa geti, nimerudi kulekule kwa rimoti ya kwanza. Nimeibadilisha programu ya tagi ili sehemu ya namba igeuke kila dakika kwa hesabu ya siri ambayo gari na nyumba tu zinaijua. Anayenakili sasa anapata kitu kinachochacha haraka kuliko mtindi. Haraka, nasema, si papo hapo: ndani ya dakika hiyohiyo bado kinafanya kazi.

Shida ikawa saa, kwa kuwa tagi ikikosa umeme husahau saa ngapi. Nimeongeza kichipu cha saa chenye betri yake. Betri niliyoifukuza imerudi kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo sikuliruhusu gari lifungue geti. Namba inaweza kuwa ya kweli na gari likawa limeporwa, au mwenye gari akawa amekaa kiti cha nyuma bila kupenda. Nimefunga swichi ya kubonyeza ukutani, karibu na kitanda cha Mama, chini ya dirisha linalotazama geti. Gari likija, kengele inalia mara moja, taa ya nje inawaka, na swichi inakuwa hai kwa sekunde 60. Mama akiona sawa, anabonyeza. Asipobonyeza, geti halina habari. Akiwa amelala au amesafiri tuna zile rimoti za namba zinazobadilika.

Mdogo wangu kasema nimetumia wiki tatu kutengeneza kengele ya mlangoni. Sikumjibu, maana nilikuwa nabana skrubu.

Jumatano, 2 Aprili

Sikukuu imepita, na usiku wa kuamkia leo umeme umekatika mara mbili. Raspberry Pi ikaamka na kadi ya kumbukumbu iliyoharibika. Hili hutokea kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika. Nakala nilikuwa nayo, ya wiki mbili zilizopita, ambayo haina hali nne, ina disko tu.

Mchana nimehamisha uamuzi wote kwenye ESP32 ya getini. Kompyuta sasa ni ya kutunza kumbukumbu na kuchora grafu, ikifa geti halijali. Vipokezi viwili, Wi-Fi na kengele vinakula kutoka betri ndogo ya gari kuukuu. Mota ya geti haimo, ni mlafi mno. Umeme ukikatika utazungusha ule ufunguo wa kuiachia na kusukuma kwa mkono. Ufunguo tumeutundika nyuma ya mlango wa jikoni.

Kwenye kopo la nguzoni nilikuta sisimizi wamejenga juu ya rilei. Chumvi ya bahari nayo imeanza kuzigeuza nati kijani. Nimesafisha, nikapaka silikoni kwenye matundu ya waya, nikaliinamisha kopo mdomo chini, masika hayo yameshapiga hodi.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku kumi za matumizi halisi. Gari limewasili mara 23, na mara 22 kengele imelia ilipopaswa. Moja ilikosekana usiku wa mvua kubwa, na grafu inaonyesha kipokezi cha getini kilikuwa kimeganda. Nimekiwekea amri ya kujiwasha upya kikinyamaza dakika mbili.

Na imelia mara moja bila safari yoyote. Ni leo asubuhi. Nililisogeza gari kutoka maegeshoni mpaka jirani ya geti, kwenye kivuli, nilioshe. Nikazima. Tagi ikafa geti likiwa ndilo linalosikia zaidi, na kwa kanuni zangu mwenyewe hiyo ni NJE. Baada ya robo saa nikazungusha ufunguo nisikilize redio. Geti likaisikia tagi kwanza, kichujio kikaipandisha namba taratibu mara tatu, kengele ikalia chumbani.

Pazia likasogea. Mama akachungulia, akaniona nimesimama na ndoo na povu mpaka viwikoni. Sekunde 60 zikapita, hakubonyeza.

"Sogeza hiyo ndoo," akasema kutoka dirishani, "unamwagia maji mchaichai wangu."